Lifti na Farasi wa Babu

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Spika aliketi chini karibu na kiti cha babu yake na kumchua goti kwa dawa. Jina hilo la utani alilipata shuleni kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, nalo likamfuata mpaka nyumbani. Babu alikuwa fundi rangi mstaafu. Goti lenyewe aliliumiza alipoanguka kutoka kwenye ngazi, wiki moja tu kabla ya kufunguliwa kwa bustani ya michezo aliyokuwa akiipaka rangi.

“Farasi ishirini wa mbao, wa bembea ya kuzunguka,” alipenda kusema. “Wote wekundu! Nimewapaka kwa mkono huu, halafu sijawahi kuwaona wakizunguka hata siku moja.”

Basi mwaka huo mama yake Spika, ambaye alikuwa muuguzi, akapata likizo ya siku nne. Akasema wataenda wote watatu, babu akawaone farasi wake. Siku kumi kabla ya safari, babu alikuwa keshapiga pasi shati lake jeupe mara mbili.

“Hoteli utatafuta wewe,” mama alimwambia Spika akimpa simu. “Mimi naingia zamu. Sharti ni moja tu: chumba cha chini, au hoteli yenye lifti. Babu yako ngazi haziwezi. Uliza, usikisie.”

Spika akapata hoteli mbili. Moja haikuwa na ghorofa, inatazamana na geti la bustani, vitanda vyake vya kawaida kabisa. Ya pili ilikuwa na bwawa la kuogelea lenye bomba la kutelezea, refu, limejikunja kama utumbo. Moyo wake ukaangukia hapo hapo. Akapiga simu.

“Vyumba vya chini vimejaa,” dada wa mapokezi alimjibu. “Kimebaki cha ghorofa ya nne. Na lifti yetu ni mbovu, mdogo wangu, sijui fundi atamaliza lini. Kama mna mgonjwa, siwashauri mje.”

Spika alishukuru, kisha akaomba awekewe chumba hicho hicho. Jioni mama alipouliza, alijibu, “Nimeuliza. Lifti ipo.” Alijiambia kwamba hajadanganya, maana lifti kweli ilikuwepo. Isitoshe, mpaka siku ya safari si itakuwa imetengenezwa?

Wapi! Walikuta mlango wa lifti umezibwa kwa meza. Mama, aliyechoka kwa safari, akamgeukia dada wa mapokezi.

“Mlimwambia mwanangu lifti ipo! Mna utu kweli nyinyi?”

Dada alimtazama Spika. Spika alitazama viatu vyake. Mdomo ule ule usiopumzika ukawa mzito kama jiwe. Dada wa watu akameza maneno yake, akaomba radhi kwa kosa lisilo lake.

Shule zilikuwa zimefungwa na hoteli zote zilikuwa zimejaa. “Mbona mnanizeesha?” babu alisema akicheka. “Ngazi nimezipanda maisha yangu yote.” Akapanda akishika ukuta, akipumzika kila ghorofa. Walipofika ya tatu, hakuwa akicheka tena.

Asubuhi Spika aliamka akamkuta ameketi kitandani na shati lake jeupe, amefunga vifungo vyote. Goti lilikuwa limevimba kama papai. Mama alilibonyeza, babu akauma meno.

“Hakuna kukanyaga chini,” mama alisema. “Sasa ni hospitali, kisha nyumbani.”

“Basi bustanini nendeni nyinyi,” babu alisema, akageukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka.

Spika hakuwahi kumwona babu akilia. Roho ilimuuma, akashindwa kujizuia. “Mama, nilidanganya! Yule dada aliniambia kila kitu. Mimi nilikuwa nalitaka lile bwawa.”

Mama hakumpiga wala hakumfokea, afadhali angemfokea. Alimshika mkono wakashuka mpaka mapokezi. Mama akaomba radhi kwanza, yeye mtu mzima, kwa sababu ya uongo wa mwanawe. Kisha Spika akaomba yake huku akilia kwa kwikwi. Dada aliwasamehe, akawaita walinzi wawili wakamshusha babu akiwa kwenye kiti.

Hospitali, babu alilazwa. Spika akaapa kwamba hataki hata kuiona hiyo bustani, atakaa pale pale kando ya kitanda.

“Eti nini?” babu alikasirika. “Mimi nisione, na wewe usione, kwa faida ya nani? Nenda ukawaangalie, urudi uniambie.”

Mama akampeleka. Alipowaona wale farasi, Spika aliwakagua mmoja mmoja, kisha akaanza upya. Njia nzima ya kurudi alitunga maneno matamu, akayaacha, akayatunga tena.

“Enhe,” babu alisema akijiinua kwa viwiko. “Bado wekundu?”

Uongo mmoja mdogo tu ungemfurahisha, nao ulikuwa tayari ulimini.

“Hapana, babu. Wamepakwa upya. Wote ni wa buluu. Nimetafuta mwekundu hata mmoja, sikumpata.”

Babu alijilaza, akafumba macho. Machozi yakamtiririka mpaka masikioni. Mama alitaka kumnyamazisha Spika, lakini babu akamzuia kwa mkono.

“Lakini wanazunguka?”

“Wanazunguka, babu. Watoto wamejaa, wanapiga kelele, na foleni imefika getini!”

Babu aliitikia kwa kichwa, polepole.

“Unaona, mjukuu wangu? Ungeniambia bado ni wekundu, hili la kuzunguka nisingeliamini. Ningesema ni yale yale ya lifti. Ukweli wako umeniuma, lakini ndio umenifanya niliamini na hili jema. Usiukate nusu tena, kwangu wala kwa mtu yeyote.”

“Sitaukata, babu.”

“Haya, anza mwanzo. Wanazunguka kuelekea kulia au kushoto?”

“Kushoto,” Spika alisema, na babu akamwamini.