Maneno ya Kujazia

Kiti kilikuwa na joto.

Fundi wa tovuti alitoka jikoni na kikombe chake cha chai, akakaa, na papo hapo akainuka. Halikuwa joto la jua, maana dirisha la chumba chake cha kazi lilitazamana na ukuta wa jirani, na jua halijawahi kukanyaga humo. Lilikuwa joto la makalio, la mtu aliyekaa muda mrefu akaondoka sasa hivi. Na nyumbani hakukuwa na mtu. Mkewe, mjamzito wa miezi ya mwisho, alikuwa kliniki. Fundi akakipapasa kiti, akakiinamia, hata akakinusa, mtu mzima na ndevu zake. Kilinuka udongo mbichi. Angekichunguza zaidi, lakini simu ikalia, na aliyepiga alikuwa Bibi Kuza.

Bibi Kuza alikuwa na nyumba ya wageni, na jina hilo fundi alimpachika mwenyewe, kwa sababu tangu wafahamiane mama yule alikuwa na neno moja tu. Kuza nembo. Kuza kidogo tena. Mbona siioni, hebu kuza. Nembo ilikuwa imeshajaa nusu ya ukurasa na bado hajaridhika. Hiyo ndiyo kazi ya kutengeneza tovuti. Fundi bomba akizibua bomba, hakuna anayemfundisha kushika spana. Lakini tovuti, kwa kuwa kila mtu ana macho, basi kila mtu ni fundi.

"Fundi, nilikwambia ukuze nembo," Bibi Kuza akaanza bila salamu. "Sikukwambia uniwekee mwanamume."

"Mwanamume gani, mama?"

"Huyo kwenye ukurasa wa mwenyeji. Amekaa kanipa mgongo, hana hata adabu. Mtoe."

Fundi akaufungua ukurasa. Palikuwa na kisanduku cha kijivu chenye maneno tu, kinachosubiri picha ambayo Bibi Kuza aliahidi kuituma kesho, na kesho yake haikuwahi kufika.

"Mama, hapo hapana mtu. Hapo ni pako wewe. Nasubiri picha yako."

"Kwa hiyo mimi kipofu?" Akakata simu.

Kisanduku kile kilikuwa na maneno ndani yake. Mafundi wa tovuti wana desturi hiyo: mahali ambapo habari za mteja hazijafika, huweka maneno ya kujazia ili ukurasa usionekane uchi. Wengi huweka maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Fundi wetu aliyachukia hayo. Alishikilia kwamba hata neno la kujazia liwe na adabu, kwa hiyo alitunga lake, akalipenda, akaliweka kwenye kiolezo alichotumia kwa kila kazi: *Karibu. Nafasi hii ni yako, ingia ukae.* Mteja akileta picha yake, maneno yanafutwa. Asipoileta, halafu akalazimisha tovuti iende hewani hivyo hivyo kwa sababu binamu yake ameshatangaziwa, maneno yanabaki. Kwa Bibi Kuza yalibaki miezi mingi, wazi usiku na mchana, yakimkaribisha yeyote apitaye. Fundi aliyasahau. Nani huyasoma maneno ya kujazia?

Kitu kimoja tu kilimtuliza moyo, nacho kilikuwa mbao na brashi. Jioni alikaa uani akachora herufi kwa mkono kwenye vipande vya mbao, akazivuta mikia taratibu, na hapakuwa na mtu wa kumwambia akuze. Kibao kimoja alimchorea mtoto wao anayetarajiwa. Alikichora siku ambayo Bibi Kuza alikuwa amemchosha mpaka mifupa, akakifunga kwa gazeti kuukuu, akampa mkewe.

"Usikifungue mpaka mtoto aje," alimwambia.

"Haya, Baba Kijacho," mkewe akacheka, akakiweka juu ya kabati.

Walimsubiri mtoto huyo kwa hofu. Mimba mbili za kwanza ziliharibika, na safari hii walikuwa wakitembea ndani ya nyumba kama waliobeba mayai. Kile chumba kidogo walikipaka rangi wenyewe. Kitanda chenye vizuizi kilikuwa tayari, na shuka lake limenyooshwa, na kila siku mkewe aliingia kulinyoosha tena ingawa halikuwa limekunjamana.

Baada ya kiti, vikafuata vidole. Fundi alikuwa bafuni, ana sabuni kichwani, akasikia kibodi yake ikibofywa, taratibu, kama ya mtu anayejifunza. Akadhani ni mkewe. Alipotoka, mkewe alikuwa sebuleni anamenya chungwa.

"Umemaliza kazi mapema," mkewe alisema. "Nilikuwa nakusikia unaandika."

Fundi akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Hasira zilimpanda kabla ya hofu, maana alidhani kompyuta imeingiliwa na wahuni wa mtandaoni. Akabadilisha maneno yote ya siri. Akakagua kila faili. Hapakuwa na kitu. Wakati huohuo wateja wengine wakaanza kupiga simu: mwenye duka la rangi, mwalimu wa muziki, daktari wa meno. Wote walilalamika kuhusu mtu mmoja. Mwenye duka alimwona kisogo. Mwalimu wa muziki, baada ya siku kadhaa, alimwona sikio. Daktari wa meno akasema anaona shavu, na kwamba halijakaa vizuri. Fundi alikifuta kisanduku cha daktari, akahifadhi, akafungua tena ukurasa, na kisanduku kilikuwapo. Akafuta tena. Kikarudi tena.

"We nani?" akaifokea kompyuta, amechoka kabisa. "Unataka nini? Sema basi! Hata wewe unataka nikukuzie?"

Umeme ukakatika. Ilikuwa saa nane mchana, watu wanapita nje wanazungumza, na kioo cha kompyuta kikawa cheusi kama sufuria, na ndani ya weusi ule fundi akajiona mwenyewe amekaa, na nyuma ya bega lake akaona bega jingine. Hakugeuka. Alikaa hivyo huku jasho likimtiririka mgongoni mpaka harufu ya udongo mbichi ikampita ubavuni, ikatoka mlangoni, ikaelekea sebuleni.

Kuanzia hapo joto lile likaanza kuhama. Asubuhi moja kochi lilikuwa nalo. Kesho yake ukingo wa kitanda chao. Fundi hakumwambia mkewe, kwa kuogopa kumshtua na hali aliyokuwa nayo. Kumbe mkewe naye alikuwa anamficha yeye kwa sababu ileile.

Siri zao zilifichuka siku mkewe alipomwita kwa sauti ndogo kutoka chumba kidogo. "Mume wangu. Njoo. Usiongee kwa nguvu."

Alimkuta amesimama, mkono mmoja tumboni, wa pili ndani ya kitanda cha mtoto.

"Gusa."

Fundi akagusa, na godoro lile ambalo halijawahi kulaliwa na kiumbe yeyote lilikuwa na joto kama mkate uliotoka sasa hivi, na katikati yake palikuwa na bonde, si dogo la mtoto bali refu, la mtu mzima aliyejikunja magoti yakamfika kidevuni ili aenee, na wakati wote wawili wanalitazama, wameshikana mikono na hakuna anayethubutu kuvuta pumzi, bonde lile likazama kidogo zaidi, na vizuizi vya mbao vikalia kama vinavyolia mtu anapojigeuza usingizini.

"Toka," fundi alimnong'oneza mkewe. "Toka taratibu."

"Anamsubiri," mkewe akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Anamsubiri mwanangu."

Mkewe ndiye aliyemtafuta mganga. Alikuja kesho yake, mama mnene mwenye mkoba wa ngozi na miwani, akakataa chai, akapita chumba hadi chumba akinusa. Fundi alijaribu kumweleza kwamba huenda ni hitilafu ya umeme. Mganga akamkatisha.

"Kijana, mimi nimekuja na kazi yangu. Kila nyumba nikiingia kuna mtu anayeijua kazi yangu kuliko mimi."

Fundi, kwa mara ya kwanza katika siku nyingi, alimpenda mtu.

"Huyu hakuvunja mlango," mganga akaendelea. "Jini wa kuvunja mlango ningemtoa kabla hamjaleta maji. Huyu alikaribishwa. Nani kamkaribisha?"

"Hakuna," mkewe alisema. Kisha akamtazama mumewe, maana alikuwa amebadilika rangi.

Fundi akamweleza mganga kuhusu visanduku. Akamsomea sentensi yake. Ilikuwa sentensi nzuri, na sasa aliisoma kwa aibu.

"Ni maneno ya kujazia tu, mama. Hayana maana."

"Hayana maana kwako. Ukimwambia mtu nafasi hii ni yako, ingia ukae, akikaa utamlaumu?" Mganga akavua miwani. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako ana miezi, na ameshajichagulia kitanda. Kafute neno lako. Kila ulipoliandika. Likibaki moja, na yeye anabaki, na mimi nitakuwa nimepoteza chumvi yangu bure."

Fundi akakaa kwenye kiti chake chenye joto, akafuta. Safari hii alipofuta, visanduku havikurudi, kana kwamba aliyekuwa akivirudisha ameamua kutazama tu. Tovuti za zamani ziliomba maneno ya siri aliyokwisha kuyasahau. Daktari wa meno alitaka kujua kwa nini. Mwalimu wa muziki hakupokea mpaka alipopigiwa na mke wa fundi. Bibi Kuza, aliyeishi kwa kubadilisha neno la siri kila anapogombana na binamu yake, aligoma katakata.

"Nembo kwanza," alisema.

Fundi akaikuza. Akaikuza mpaka ikafunika ukurasa mzima, mlango, madirisha na bei za vyumba.

"Umeona sasa?" Bibi Kuza akafurahi. "Si ungefanya hivi tangu mwanzo!" Akampa neno la siri.

Jua likizama, fundi alifuta kisanduku cha mwisho, kisha akafuta kiolezo chenyewe. Mganga aliwaweka mume na mke kizingitini pa chumba kidogo, akaingia peke yake na bakuli la maji ya chumvi, akanyunyiza pembe zote, akisema maneno ambayo hawakuyasikia vizuri. Harufu ya udongo ikazidi mpaka ikawa kama wamesimama ndani ya shimo. Kisha kitandani ikatoka sauti, sauti ya mtu mstaarabu aliyekwazwa.

"Mimi ni mgeni. Nilikaribishwa."

"Karibu yako imefutwa," mganga akajibu.

Vizuizi vikalia.

"Yote?"

Mganga akageuka, akamtazama fundi. Jasho lilikuwa linamtoka mganga. "Nakuuliza mbele yake. Yote?"

Fundi alipita kichwani tovuti moja moja, kuanzia ya kwanza hadi ya Bibi Kuza. Hakuruka hata moja.

"Yote," alisema.

"Haya," ile sauti ikasema kwa upole, na godoro likainuka polepole, na harufu ikakatika kama taa iliyozimwa. Mkewe akaangua kilio. Mganga naye alikaa sakafuni, akaomba ile chai aliyoikataa.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mapafu mazima, akalia mpaka wauguzi wakacheka. Walimleta nyumbani mchana mweupe. Viti vilikuwa baridi. Kochi lilikuwa baridi. Bibi Kuza alipiga simu kusema yule mwanamume ameondoka, na kwamba nembo inapendeza ila sasa bei hazionekani. Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa ameanza kutunga maneno mapya ya kujazia, yasiyo na kichwa wala miguu, na aliyaona matamu.

Alikuwa anazunguka sebuleni na bintiye kifuani, anamwimbia wimbo asiojua mistari yake, mkewe alipomwita kutoka chumba kidogo.

"Baba Kijacho! Sasa si kijacho tena. Mlete umlaze. Njoo uone nilivyokitundika, kimependeza kweli!"

"Umetundika nini?"

"Kibao chako. Si ulisema nisikifungue mpaka mtoto aje?"

Fundi akaingia. Kibao kilikuwa ukutani juu ya kitanda, kimepigiliwa misumari minne. Herufi zake zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuchora. Alikumbuka jioni ile, uchovu ule, alivyotaka kumwandikia mwanawe neno la kumpokea duniani, na mkono ukajiendea wenyewe kwenye sentensi uliyoizoea. Na ilimpendeza. Alipofuta, alifikiria tovuti tu. Kibao hakikumjia akilini.

*Karibu. Nafasi hii ni yako, ingia ukae.*

"Mbona humlazi?" mkewe akauliza. "Amelala huyo."

Fundi alimkaza mtoto kifuani kwa mkono mmoja, akaushusha mwingine kitandani. Shuka lilikuwa na joto. Bonde lilikuwa pale katikati, refu, limejikunja. Na alipokuwa bado ameshika, akitafuta sauti ya kumwambia mkewe atoke, bonde lile likasogea taratibu hadi ukutani, kama afanyavyo mtu kitandani anapompisha mwenzake alale.