Alipoacha Kusikia Chumba cha Pili

Jumamosi hiyo soko la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika. Dada mmoja mwenye gauni la manjano alisukumwa na umati mpaka akaangukia meza ya fundi wa redio.

"Karibu," fundi alisema, akiokota bisibisi zake. "Wengine huanza kwa kubisha hodi."

"Samahani. Lakini kwa kuwa nimeshafika, nitafutie hedifoni. Hizi zangu zinanichosha. Kila anayeongea ni kama amehamia ndani ya fuvu langu."

Maneno hayakumpungukia, ndiyo maana tangu utotoni aliitwa Chiriku. Kazi yake ilikuwa kusikiliza rekodi za mikutano na kuziandika, akiwa nyumbani.

Fundi alimvisha nyingine, zenye wavu mgongoni, akawasha muziki. Chiriku alitoa macho.

"Mbona kama wapigaji wamekaa mbele yangu? Mmoja kule, mwingine huku!"

"Zako zimezibwa nyuma. Sauti inagonga ukuta, inarudi, haina pa kwenda isipokuwa kichwani mwako. Hizi ziko wazi. Sauti inatoka, na ya nje inaingia, basi akili inadhani uko ukumbini."

"Ya nje inaingia? Nipe hizo hizo. Nina mama mgonjwa chumba cha pili. Akiniita, lazima nimsikie."

Fundi alimpa, na namba ya simu akampa. Mapenzi yakaota bila kupaliliwa. Kila alasiri simu ililia.

"Chiriku wangu, nani huyo anayepiga kelele?"

"Pikipiki. Na jirani anagombana na mumewe. Na mama anakohoa."

"Ala! Nampigia mpenzi, napokewa na mtaa mzima!"

Siku moja fundi alimletea zawadi: hedifoni zilizozibwa, zenye mito minene ya ngozi.

"Mama je?" Chiriku aliuliza.

"Za dakika chache tu, mpenzi. Tuwe wawili, japo kidogo."

Alizivaa, na dunia ikazimika. Akabaki yeye na sauti ile nzito, karibu kama pumzi. Dakika chache zikazaa saa, na siku ya pili zikazaa nyingine.

Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja. Alasiri moja alipaliwa na maji. Aliita, kisha akagonga ukuta kwa mkono wake mzima. Ng'ambo ya ukuta huo, Chiriku alikuwa anacheka mpaka machozi kwa mzaha wa fundi. Alipomaliza simu na kuingia na chakula, alikuta kikombe sakafuni, na mkono wa mama bado umeegemea ukutani.

Baada ya mazishi fundi alikuja. "Chiriku..."

Chiriku aliziba masikio. "Usiseme! Mama ananiita, mimi nakusikiliza wewe. Sauti yako ndiyo iliyomfunika."

"Mimi ndiye niliyezileta."

"Na mimi ndiye niliyezivaa. Toka!"

Mama mkubwa, dada wa marehemu, alimshika fundi mkono akamtoa nje. "Mwanangu, jeraha bichi halishikwi. Nenda. Ila usiende mbali."

Hakwenda mbali. Kila Jumapili alikuja bila kufungua kinywa. Alifagia uani, akaziba paa lililovuja, akakaa kizingitini mpaka jua lizame. Majirani wakasema mapenzi yamemfanya bubu. Chiriku alimwacha hivyo miezi mingi, bila salamu wala maji ya kunywa. Halafu Jumapili moja, amekonda, gauni jeusi likimpwaya mabegani, alitoka akakaa kando yake.

"Sema kitu."

Fundi alikuwa amelipanga neno lake muda wote huo. "Nisame..."

"Si hilo. Hilo nimelisema mwenyewe mpaka limechakaa. Niambie habari za dukani."

"Kuna mzee kaleta redio, anasema inanong'ona usiku. Kuifungua, mende! Ukoo mzima, babu mpaka vitukuu."

Kwa sauti ile Chiriku alitetemeka kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Machozi yakamtiririka. Fundi akaanza kuinuka.

Chiriku aliukamata mkono wake, akaubana mpaka ukauma.

"Endelea," alisema. "Kulia nitalia tu. Wewe endelea."