Bango Lenye Neno Moja

Jua lilikuwa bado nyuma ya vilima vya Windhoek. Saima alikuwa tayari amewasha taa. Alikata vipande vidogo vidogo vya nyama ya kwenda kuchoma kwenye jiko lake sokoni. Mumewe, Tuhafeni, alivaa viatu taratibu ili asimwamshe binti yao, Ndinelago.

"Umechukua bango?" Saima aliuliza.

"Nimechukua."

"Na sweta? Baridi ya leo haina adabu."

Bango lilikuwa kipande cha boksi. Tuhafeni aliliandika mwenyewe kwa kalamu nene: RANGI, VIGAE, BOMBA, UMEME, PAA, UKUTA, BUSTANI. Herufi za mwisho zilibanana kwa kukosa nafasi. Kazi ya bustani aliijua. Hizo nyingine alikuwa ameona watu wakizifanya.

Kona yao ya kungojea vibarua ilikuwa mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Wanaume walikaa pale ukingoni mwa barabara, kila mmoja na bango lake. Gari likipunguza mwendo, wote waliinuka na kukimbia. Sheria ya kona ilikuwa moja tu. Useme "naweza" kabla mwenye gari hajamaliza swali. Ukisimama kufikiri, unaachwa na vumbi.

"Juzi mzee mmoja aliuliza nani anaweza kutibu ng'ombe," alisema Mateus, fundi bomba wa siku nyingi pale konani. "Kabla hajafunga mdomo, Tuhafeni alikuwa ameshafunga mkanda."

Wote walicheka. Tuhafeni naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Jana baba yake alikuwa amempigia simu kutoka kaskazini.

"Mvua zikianza, rudi ulime uwele," baba alisema. "Mwanamume halishwi na mke."

Kurudi maana yake ilikuwa kumwacha Saima na mtoto mjini. Angewaona Krismasi, kisha basi. Ndinelago alikuwa ameanza kumwita baba yake kila anapoamka. Tuhafeni hakutaka aamke na kuita bure.

Gari jeupe lilisimama. Mama mwenye mvi alishusha kioo.

"Natafuta mtu wa viga—"

"Naweza, Meme," alisema Tuhafeni, akimwita mama kwa lugha ya kwao. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye mlango.

Mama huyo aliitwa Meme Lahja. Alikuwa nesi mstaafu. Vigae vya jikoni alikuwa amevinunua boksi moja moja, mpaka vikatosha. Tuhafeni alifagia sakafu juu juu. Kisha alipachika madonge ya gundi nyuma ya kila kigae, moja kila pembe na jingine katikati. Hivyo ndivyo alivyomwona mtu mmoja akifanya. Jioni jiko liling'aa. Meme Lahja alimlipa, akampa na sahani ya chakula. Tuhafeni alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Haukupita muda mrefu, gari jeupe likarudi konani. Wanaume wote waliinuka.

"Kaeni," alisema Meme Lahja. "Namtaka Tuhafeni."

"Pole, ndugu yangu," Mateus alinong'ona. "Hiyo ni sauti ya nesi aliyeshika sindano."

Jikoni, Meme Lahja alimpa Tuhafeni fimbo ya ufagio.

"Gonga hicho kigae."

Aligonga. Kililia kama kopo tupu. Aligonga cha pili, kikalia vilevile. Chini ya friji vigae viwili vilikuwa vimepasuka. Karibu na mlango kimoja kilicheza kama jino bovu.

"Nani alikufundisha kazi hii?"

Tuhafeni alitazama chini. Angeweza kumtaja mtu yeyote.

"Hakuna, Meme. Niliona watu wakifanya."

"Na mimi ningeshika sindano kwa sababu niliona watu wakichoma, ungenipa mkono wako?"

Tuhafeni aliirudisha fimbo ya ufagio.

"Sina cha kukulipa, Meme," alisema. "Lakini nisamehe."

Meme Lahja alivuta kiti akakaa. Alitazama sakafu yake kwa muda.

"Mistari yako imenyooka," alisema. "Mikono unayo. Ulichokosa ni kufundishwa. Kuna kituo cha ufundi, hapo nyuma ya uwanja wa mpira. Mpwa wangu alijifunza kuchomelea vyuma pale. Nenda ukaulize. Ila usilipe ada kabla hujauliza kama cheti chao kinatambuliwa na serikali. Na waambie wakuonyeshe karakana. Wakikuonyesha madawati tu, ondoka."

"Meme, mimi nina ndevu. Wenzangu darasani watakuwa watoto."

"Kwani kigae kitakuuliza umri?"

Tuhafeni alipitia kituoni, akauliza kuhusu cheti na kuonyeshwa karakana. Jioni alimweleza Saima yote. Hakuficha hata sauti ya kopo tupu. Saima aliendelea kuosha masufuria. Tuhafeni alidhani amekasirika.

"Darasa ni saa ngapi?" Saima aliuliza mwishowe.

"Mchana."

"Basi asubuhi utanisaidia kuchoma nyama, tupate ada. Mchana uende. Lakini ukae mpaka mwisho, baba Ndinelago. Usiniletee kazi nusu."

Baba yake hakuwa mwepesi hivyo. "Nitakuacha mvua hizi tu," alisema kwenye simu. "Zikija za mwakani na bado huna kazi, nisisikie hadithi nyingine."

Kituoni, vijana walimpokea kwa utani, wakimwita Tate, yaani baba.

"Tate, umemleta mjukuu wako kuandikishwa?"

"Mjukuu ni wewe," Tuhafeni alijibu. "Sogea, babu akae."

Siku ya kwanza mwalimu wao, Tate Haufiku, hakugusa hata kigae kimoja. Aliwapa mifagio.

"Leo tunafagia," alisema. "Ukiacha vumbi, gundi itashika vumbi. Sakafu itabaki peke yake."

Tuhafeni alikumbuka sakafu ya Meme Lahja. Alifagia mpaka kwenye pembe.

Alijifunza kusoma maelezo kwenye mfuko wa gundi na kupima maji ya kuchanganyia. Alijifunza kutandaza gundi sakafu yote kwa mwiko wa meno, kama mtu anayechana nywele. Kila mara walibandika kigae kimoja, kisha wakakibandua na kukigeuza. Mgongo wote ulitakiwa uwe na gundi. Palipokuwa peupe, ndipo kigae kingevunjika.

Siku moja aliweka vigae vya bafu la mazoezi. Tate Haufiku alimwaga maji. Maji yote yalikimbilia mlangoni badala ya kwenye tundu.

"Tuhafeni anawapelekea majirani maji ya bure," vijana walisema.

Alicheka nao. Kisha alibandua vigae vyote, akashika pima maji, akaanza upya.

Siku ya kupewa vyeti, Saima alivaa gauni lake la waridi lenye mistari, lile la harusi. Jina la mumewe liliposomwa, alipiga vigelegele peke yake, bila kungoja mtu. Ndinelago aliziba masikio. Tuhafeni, mtu mzima na ndevu zake, alishindwa kutazama mbele kwa sababu ya machozi.

Kazi ya kwanza hakuitafuta konani. Alienda kwa Meme Lahja na mfuko wa vifaa.

"Nimekuja kumaliza kazi yangu, Meme. Silipwi."

Alibandua vigae vyake vya zamani. Alikwangua, akafagia, akapangusa. Vilivyopona alivisafisha. Vilivyovunjika alivibadilisha kwa vile vilivyobaki kwenye boksi. Alipomaliza, alifunga uzi mlangoni.

"Usikanyage mpaka nije niufungue mwenyewe, Meme. Gundi ikauke."

"Leo mimi ndiye mgonjwa, na wewe ndiye nesi," alisema Meme Lahja.

Siku ya kufungua uzi, Meme Lahja alichukua fimbo ya ufagio. Aligonga kigae kimoja kimoja, kutoka mlangoni mpaka chini ya friji. Kila kimoja kilitoa sauti fupi, nzito, ya kitu kilichoshiba. Alivua viatu, akatembea jikoni mwake miguu mitupu.

"Na bomba la sinki linavuja," alisema. "Ulitazame basi."

Neno la zamani lilimjia Tuhafeni mdomoni. Alilimeza.

"Bomba siwezi, Meme. Nitakuletea Mateus. Yeye ni fundi hasa."

Meme Lahja aliegemea fimbo ya ufagio, akatabasamu.

"Sasa nitawaambia wenzangu kanisani kwamba nina fundi wa vigae."

Na kweli aliwaambia. Simu ya Tuhafeni ikaanza kulia. Siku moja aliyepiga ni baba yake.

"Hivyo vigae," mzee alisema, kisha akakohoa. "Vinaweza kukaa nyumbani kwangu?"

"Lazima niione sakafu kwanza, Tate."

"Haya, fundi," mzee alisema. "Njooni wote mvua zikianza. Muione, kisha mrudi kwenu mjini."

Siku alizokuwa hana kazi, Tuhafeni bado alikwenda konani. Alikuwa na boksi jipya. Katikati aliandika neno moja, VIGAE, na chini yake namba ya simu.

"Boksi kubwa hivyo, neno moja?" Mateus aliuliza. "Uliishiwa wino?"

"Hayo mengine nimekuachia wewe."

Gari lilipunguza mwendo. Wanaume waliinuka. "Naweza! Naweza!"

Tuhafeni alisimama na kukung'uta suruali yake. Alingoja mwenye gari amalize swali.