Majamvi Sita ya Kanisa

Kila Jumamosi asubuhi, vijana wa kanisa la Kizingitini walifagia darasa ambamo wazazi wao, askari na walimu waliotoka bara, walisali Jumapili. Kiongozi wao alikuwa Nerea, msichana wa miaka kumi na mitatu, binti wa Sajini Wanyama. Loo, huyo alikuwa mkali! Ukichelewa, unafagia peke yako. Ukisema uongo, unatolewa kikundini, na hakuna wa kukuombea.

Jumamosi moja ya Desemba mwaka 1965, Krismasi ikikaribia, walibeba majamvi sita ya kanisa wakayaosha pwani. Maji yalikuwa yamekupwa. Nerea alichagua mchanga mpana, akayatandika hapo yakauke.

"Phineas, wewe linda," aliamuru. "Usibanduke!"

Wengine wakarudi kufagia. Phineas alikuwa na miaka kumi na mmoja, na familia yake ilihamia kisiwani mwezi uliopita tu. Kikundi kile ndicho kilichompa marafiki, na siku ya Krismasi angeimba peke yake mbele ya watu. Alilinda kwa muda. Kisha akasikia wavuvi wakishangilia kamba wakubwa waliotoka kuvuliwa, naye akaenda kutazama. Aliporudi, bahari ilikuwa imefunika mchanga wote, wala hakuona hata jamvi moja.

Alijua atalaumiwa. Alikimbia hadi darasani akasema, "Yameibwa! Nimemwona Gharib akiyabeba!"

Gharib alikuwa mtoto wa Bi Hadia, jirani yao. Sajini Wanyama alimwita kituoni, akamketisha kwenye benchi. Maskini Gharib alikaa hapo tangu adhuhuri, akilia kwamba hajui lolote, huku wapita njia wakimchungulia. Nerea, Phineas na Mwalimu Rufus, aliyeongoza sala za Jumapili, waliitwa pia watoe habari.

Alasiri Bi Hadia aliingia amejitwika jamvi linalochuruzika maji.

"Na mengine matano yako mikokoni," alisema. "Mai ya bahari ndiyo yaliyoyatukua! Siku hizi ni za bamvua, bahari yajaa hadi ukutani. Bwana Sajini, mwanangu si mwizi."

Phineas akaangua kilio, akakiri kila kitu.

"Basi umetoka kikundini," alisema Nerea. "Sheria ni sheria. Na Krismasi huimbi."

Mwalimu Rufus alimgeukia. "Nani aliyechagua mahali pa kutandika?"

Nerea angeweza kusema kwamba mlinzi ndiye aliyeondoka. Lakini aibu ilimshika, akainamisha kichwa.

"Ni mimi, Mwalimu. Sikujua kama maji hufika pale. Wala sikumwuliza mtu."

"Kwa hiyo na wewe tukutoe?"

Kabla hajajibu, Bi Hadia alijipiga paja. "Kwetu twasema, mwana akinyea kiweo, hakikatwi! Lakini pia hukai nacho vivyo hivyo. Huoshwa!"

Hata Gharib, machozi yakiwa bado shavuni, alicheka.

Nerea alifikiri kidogo, kisha akamwambia Phineas, "Utapita kila nyumba ya mtaa huu, useme Gharib hakuiba. Nitafuatana nawe, niseme na kosa langu. Baadaye tutayatoa majamvi mikokoni, tuyaoshe tena. Krismasi hutaimba peke yako. Utaimba pamoja nasi."

"Nami nitakuja," alisema Sajini kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye niliyemketisha mtoto wa watu hapa bila kuuliza vizuri. Niwie radhi, Bi Hadia. Nawe Gharib, niwie radhi."

Wakaondoka wote, Gharib na Mwalimu Rufus pia. Kwenye mlango wa kwanza Phineas alinong'ona hata mwenye nyumba akamwambia arudie. Kufikia mlango wa saba alikuwa akisema wazi, akimtazama Gharib usoni. Hapo Gharib akasema, "Yatosha sasa. Twende tukatoe majamvi, kabla hayajazama matopeni."

Mwalimu Rufus aliwatazama wakienda, kisha akamwita Nerea kando.

"Mwanangu, ungalimfukuza, Gharib angalibaki na jina la mwizi katika nyumba hizi zote, na Phineas angalijifunza kuficha vizuri zaidi. Adhabu ni ya kumrudisha mtu, si ya kumtupa. Kiongozi asiyeadhibu huharibu watu wake, na asiyesamehe hubaki bila watu. Haya, kimbia, wenzako wanakungoja."