Tone la Mafuta kwenye Bahasha

Uwanja wa ndege wa Dallas ulifurika watu jioni ile ya Mei 2003. Mvua ya mawe ilikuwa imezuia ndege zote za Houston, na kila kiti kilikuwa na mtu au mkoba. Truphosa alisimama dirishani, sketi ya bluu, blauzi nyeupe iliyokunjamana kwa safari, amekumbatia boksi la kijivu kifuani. Mikono ilimuuma, lakini hakuthubutu kuliweka sakafuni. Akawa anamwomba Mungu kwa sauti ya chini.

Kijana mrefu, mwenye sare ya wale wanaosukuma wazee kwa viti vya magurudumu, alisikia Kiswahili akasimama.

"Dada, huyu mutoto wako halii hata kidogo?"

Truphosa akajikuta anacheka. "Huyu ni mzee. Amechoka kulia."

Kijana aliitwa Vital, mtu wa Uvira, Kongo, mkazi wa Irving, jirani na Dallas. Alimtafutia kiti na chai. Truphosa, Mkenya wa Kakamega, akamweleza kazi yake: alikuwa msaidizi katika hifadhi ya nyaraka ya chuo kimoja Houston, na ndani ya boksi mlikuwa na karatasi za marehemu Profesa Lindholt, mwanasaikolojia na mwanaanthropolojia wa zamani. Familia yake ilikuwa imezitoa, naye ametumwa kuzichukua. Profesa huyo alizunguka pande za Ziwa Tanganyika akipima vichwa vya watu, akiwajaribu watoto akili kwa vibao vya rangi, na kuwakata nywele za kupeleka kwao.

Vital aliacha kutabasamu. Bibi yake alikuwa amemsimulia habari za mzungu mwenye mkasi aliyemkata nywele utotoni. Katika familia yao nywele zilizokatwa zilifichwa, hazikuachiwa mgeni. Mama wa bibi alikufa akiamini kwamba sehemu ya binti yake bado inatangatanga.

Walipeana namba, na tangu hapo simu haikunyamaza. Vital alipiga kila alfajiri kabla ya zamu. Walisali pamoja, kisha wakataniana. Vital alimwita chérie, yaani mpenzi, naye Truphosa akamwita Bwana Viti. Lakini kila mara, kabla ya kuagana, Vital aliuliza kama boksi limeshapangwa. Moraa, rafiki wa Truphosa, muuguzi aliyempangisha chumba kule Pearland, nje ya Houston, alilitambua hilo.

"Huyo anachumbia karatasi, si wewe," alisema.

Truphosa alicheka, lakini neno lile lilimkaa moyoni.

Siku alipoipata bahasha ya nywele, yenye jina la kijiji cha kina Vital, alimkaribisha hifadhini. Alimdhamini mwenyewe kwa msimamizi, ingawa kibali chake cha kuishi Marekani kilitegemea kazi ile. Vital akaja kwa basi, suti ya kahawia, viatu vinang'aa. Aliacha mkoba nje, akabadilishiwa kalamu kwa penseli, akanawa mikono. Truphosa akamfungulia bahasha mezani: vifundo vidogo vya nywele, kila kimoja kimefungwa kwa uzi. Vital akaviinamia.

Simu ya dawati ikalia, Truphosa akageuka kuipokea.

Kanisani kwa Vital hakuna kinachoombewa bila mafuta, awe mgonjwa, liwe gari, hata ufunguo wa nyumba mpya. Alitoa kichupa kwenye mfuko wa ndani wa koti, akafumba macho, akaomba. Alipoyafumbua, tone la mafuta lilikuwa linatambaa juu ya bahasha, likifuta mwandiko wa profesa.

"Vital, umefanya nini?"

"Nimeombea watu yetu."

"Umenimaliza. Nenda."

Alikwenda. Ijumaa ile Truphosa alirudisha bahasha bokisini bila kumwambia mtu. Jumamosi na Jumapili alifunga, na kila alipopiga magoti aliliona lile doa. Simu ililia, hakuipokea. Alijiona tayari kwenye ndege ya kurudi nyumbani, na Moraa alizidi kumkumbusha maneno yake. Jumatatu asubuhi akaenda kusema kweli.

Nje ya ofisi ya msimamizi alimkuta Vital kwenye benchi, suti ileile, imekunjamana. Hakuwa amerudi Irving; alikuwa amelala kwa mchungaji wa Kikongo.

"Nimekwisha kumwambia yote," alisema. "Ulikuwa kwa simu, hukuona kitu."

Msimamizi alimwita Truphosa ndani, akamuuliza kwa nini hakusema Ijumaa.

"Niliogopa," akajibu.

 Mama yule alisema kwamba fundi wa nyaraka ataishughulikia bahasha, Truphosa atabaki kazini kwa onyo, na yule bwana hatakanyaga tena chumba kile maisha yake.

Truphosa alitoka akamweleza. Vital alifumba macho kama aliyepewa habari ya msiba.

"Bon, sawa. Nywele ya bibi, Mungu anaijua."

"Basi umemalizana na Houston," Truphosa akasema.

"Nani amesema? Nitakuja Jumamosi."

"Kufanya nini? Boksi limefungwa kwako."

"Weye hukufungwa." Akatoa kadi ya kupigia simu za nje. "Papa yako wa Kakamega anapenda kupigiwa saa ngapi? Baba mudogo yangu anataka kumusalimia, na ile salamu si ya bure."

Truphosa alitazama saa ya ukutani. Kule kwao ilikuwa jioni.

"Sasa hivi," akasema. "Ameshatoka shambani."