Kadi za Nyumba ya Dagaa

Nyumba ya Yuliana, pale Mwanga, haikufungwa mlango mchana. Aliyetaka maji aliingia. Aliyetaka kaa la moto aliingia. Asiyetaka kitu aliingia pia, akakaa, akamwaga habari za huko alikotoka. Yuliana alipenda hivyo. Alisema nyumba isiyo na wageni ni ghala.

Ghala nalo lilikuwamo. Mumewe, Elikana, alinunua dagaa mwaloni Kibirizi, akawaweka magunia kwa magunia katika chumba cha nyuma.

Mwaka 1997 nyumba, iliyokuwa tayari na watoto wanne wa Yuliana, ilijaa zaidi. Vita ya ng'ambo ya ziwa ilimleta Rozalia, mdogo wake Yuliana, aliyekuwa ameolewa Kalemie. Alishuka kwenye boti na watoto watatu. Mumewe alibaki nyuma, na hakuna aliyejua alipo. Rozalia na watoto wakapewa chumba cha mbele.

Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, Elikana alisema, "Kuna dereva wa shirika, anaitwa Oswald. Anatafuta chumba. Analipa vizuri, na anataka jibu kabla ya Krismasi."

"Chumba kipi?" Yuliana aliuliza.

"Kwani tuna vingapi?"

Yuliana alimega ugali, akaushika tu mkononi. "Na Rozalia?"

"Kambini kwa wakimbizi kuna nafasi. Simfukuzi, Mama Kurwa. Lakini dagaa peke yao hawalishi midomo kumi. Kama mna njia nyingine ya kuingiza chochote, nionyesheni. Macho ninayo."

Rozalia alikuwa uani akiosha vyombo. Alisikia yote.

Asubuhi alikwenda migombani, akarudi na maganda makavu ya mgomba. Akakata maganda yale kwa wembe, akayabandika juu ya karatasi ya manila iliyokunjwa. Likatokea umbo la mwanamke anayetwanga, na mtoto mgongoni.

"Nani kakufundisha?" Yuliana aliuliza.

"Masista, yaya." Huko alikotoka, dada mkubwa huitwa yaya. "Wageni walikuwa wananunua. Wanaandika salamu ndani, wanatuma kwao."

"Basi tutawauzia hawa wa mashirika. Mji umewajaa."

Kazi ikaanza, na kwa kuwa ilikuwa nyumba ya Yuliana, kila aliyeingia alipewa mkasi. Habari za mtaa zikakatwa pamoja na manila: nani kaposwa, nani karudishiwa mahari, mke wa nani kahama na kitanda. Kila mtu alikata kwa jicho lake. Agnesi, jirani wa ukuta mmoja, alikata kubwa kuliko wote.

"Hiyo kadi au mkeka?" Yuliana alimtania.

"Mimi nina moyo mkubwa, Mama Kurwa."

Kadi zilipokamilika waliziweka juu ya magunia ya dagaa, mahali pakavu ambapo watoto hawafiki. Kisha Yuliana na Rozalia wakazipeleka kwa Feliksi, mwenye duka la madaftari karibu na soko.

Feliksi aliisifu picha. Akaisogeza kadi karibu na uso ili aitazame vizuri. Akairudisha mezani taratibu. "Nzuri. Niacheni kwanza, nitawaita."

Hakuwaita. Wiki ikapita, Krismasi ikasogea. Nyumbani kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Feliksi ni bahili. Feliksi anaendeshwa na mke mdogo. Rozalia alianza kukunja nguo za watoto, akazifunga kwenye kitenge.

Ndipo akaja Melania, msusi wa vikapu kutoka Simbo, aliyehamia nyumba ya pili mwezi ule.

"Mwakeye, majirani," alisalimia kwa Kiha.

"Karibu, Melania. Kaa."

Melania hakukaa. "Nikisema jambo, mtanifukuza?"

"Hapa kwangu hafukuzwi mtu," Yuliana alisema, kisha akamwona Rozalia akiinama.

"Kadi zenu zinanuka dagaa."

Yuliana alichukua kadi moja, akainusa. "Mbona mimi sisikii?"

"Huwezi kusikia. Umo ndani ya harufu. Vikapu vyangu vya kwanza vilinuka moshi. Mnunuzi aliponirudishia, nilidhani ananionea."

Yuliana akamgeukia Agnesi, aliyekuwa ameketi mlangoni. "Agnesi, ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukusema."

"Ningesemaje, na mimi nakula kwako kila siku?"

"Kwa kuwa unakula kwangu, ndiyo ungesema."

Melania akaketi sasa. Akatoa bahasha aliyoinunua dukani, akajaribu kuingiza kadi ya Agnesi. Haikuingia. Akaingiza nyingine, ikachezacheza ndani.

"Aliyenunua hii ataituma vipi? Anzeni na bahasha. Kateni kipande cha boksi gumu, kipungue kidogo kwa bahasha. Hicho ndicho kipimo. Kila kadi ifuate kipimo, na akate mtu mmoja."

"Agnesi asikate," Yuliana alisema.

"Agnesi abandike. Mikono ioshwe kwa sabuni kwanza. Maganda yaanikeni mpaka yalie yakikunjwa, kisha yakandamizeni chini ya mbao. Yakiwa na unyevu, kadi inaota ukungu. Gundi pakeni kidogo. Kadi ikikauka, iingie kwenye mfuko safi, mbali na samaki, mbali na jiko."

"Na bei?" Rozalia aliuliza. Ndiyo mara yake ya kwanza kusema siku ile.

"Weka manila, weka gundi, weka bahasha. Kisha weka jasho lako. Wengi wetu tunalisahau hilo, tunauza kwa hasara huku tunacheka. Na msitengeneze rundo. Tengenezeni chache, mmwulize Feliksi wateja wake wanataka nini."

Rozalia alizitia kadi za zamani motoni kwa mkono wake. Sehemu pekee isiyonuka dagaa ilikuwa chumba cha mbele. Wakafagia, wakaweka meza. Waliotaka kupiga soga walikaa barazani, dirisha likiwa wazi ili wasikose neno.

Yuliana alikwenda kwa Feliksi, akamwambia wazi kilichotokea. Feliksi akacheka mpaka akafuta macho. "Nilishindwa kukwambia, Mama Kurwa. Watu wananiulizia za Krismasi. Na za pole. Mwaka huu wengi wamefiwa."

Kwa kadi ya pole, Rozalia alibandika mkeka mtupu uliotandikwa, na ndani Yuliana akaandika: *Tumekaa nawe.* Hakuna aliyemwuliza Rozalia alikuwa akimwaza nani.

Walipompelekea kadi mpya, Feliksi alizinusa kwanza, mbele yao, bila aibu. Akazichukua zote. Baada ya siku chache alimtuma mtu: zile za mkeka zimekwisha, zije nyingine, na za Idi zianze kuandaliwa, kwani Ramadhani iko mlangoni. Rozalia alimkabidhi Elikana mchango wake wa fedha za chakula cha nyumbani. Elikana alizishika zile noti, akaenda kwenye dirisha la chumba cha mbele, akatazama kadi zilizopangwa, zote sawasawa kama sare za shule.

Wiki ya Krismasi Oswald alikuja na godoro lake begani.

"Mzee, nimefuata jibu langu."

"Chumba kimepata mtu," Elikana alisema.

"Nani huyo?"

"Shemeji yangu."

"Analipa?"

"Analipa." Elikana alilipokea lile godoro, akaliegemeza ukutani, akamsogezea kigoda. "Lakini chai ipo. Kaa, utuambie ya huko ulikotoka."