Lita Nane za Mzee Muhirwa

Mimi Léopold sijawahi kuishiwa mafuta barabarani. Muulize mtu yeyote pale Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, atakuambia: Léopold hupima safari kwa pua. Teksi yangu, Korona nyeupe, ilikula lita kumi na mbili kutoka Nakivale mpaka Mbarara na kurudi, ikiwa na abiria watano, kuku na ndoo ya samaki. Tone halikuzidi. Nyuma niliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: NAFIKA POPOTE.

Sasa fikiria aibu yangu jioni moja ya mwaka 2009, natembea kwa miguu pale Masha, njiani, na jerikani mkononi, kama mtoto aliyetumwa mafuta ya taa.

Gari lilikuwa tupu. Abiria walikuwa wameshuka wote Mbarara, nami nilikuwa narudi peke yangu. Asubuhi nilitia lita kumi na tano. Zimekwenda wapi?

Nilipata petroli kidogo kwa mwenye duka, nikarudi. Jua lilikuwa limeshazama. Ng'ombe walikuwa wanarudishwa zizini. Walipolikaribia gari langu wakaiacha barabara, wakapita mbali kwenye majani. Wote. Hata ndama.

Mchungaji wao akanipigia kelele: "Wewe dereva! Huyo muzee yako analala nyuma tu, mbona hasaidii kusukuma?"

Nikacheka. "Muzee gani?"

Alikuwa ameshapita.

Nikachungulia. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Lakini nilipofungua mlango wa kushoto harufu ilinipiga usoni... harufu ya samli na moshi, ile ya mtu aliyelala na ng'ombe maisha yake yote.

Mimi sifugi hata mbuzi.

Ningeisahau, lakini mke wangu Pascaline alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wetu wa kwanza, Gradi, alitolewa kwa operesheni, na daktari alisema wazi: huyu wa pili pia atatokea Mbarara. Uchungu ukianza, msikae.

"Baba Gradi," aliniambia usiku ule, "hii gari yako ya maneno mingi, itanifikisha?"

"Mama Gradi, unamuuliza Léopold?"

"Siulizi Léopold. Nauliza gari."

Asubuhi nikaenda Makenke kwa Afande Katuramu, fundi aliyestaafu jeshini, mwenye gereji ya mabati karibu na kambi ya jeshi mjini Mbarara. Yule mzee akisikiliza injini hufumba macho kama anaomba.

"Kongomani! Gari yako iko nakunywa kuliko wewe."

"Afande, mimi Mprotestanti. Sinywi."

"Sawa. Basi yeye nakunywa mahali yako."

Akafanya kazi mpaka adhuhuri. Alitafuta tundu kwenye tangi na bomba: hakuna. Chujio la hewa: safi. Upepo wa matairi: sawasawa. Akainua magurudumu, akayazungusha kwa mkono aone kama breki zinakamata. Yalizunguka kama feni. Mwisho akatoa plagi, akazinusa.

"Angalia. Ingekuwa mafuta nazidi, hii ingekuwa nyeusi. Hii iko safi. Injini hapana potesha mafuta. Iko nafanya kazi." Akanitazama. "Wewe nabeba nini?"

"Sina kitu, Afande. Tupu."

Akapima kwa vidole nafasi kati ya tairi na madigadi. Mbele, vidole vinne. Nyuma kulia, vinne. Nyuma kushoto...

Viwili.

Akabadilisha springi, akaweka mpya. Gari likashushwa. Vidole viwili. Akapanguza mikono polepole, hakutania tena.

"Toa hii gari kwa gereji yangu," akanong'ona. "Kuna mutu ndani."

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee Muhirwa.

Wiki moja nyuma, safari ya mwisho kabla ya ile ya Masha, nilimbeba kutoka hospitali ya Mbarara, amekufa, nimrudishe Nakivale kuzikwa. Alikuwa mfugaji wa Minembwe, kule milimani kwetu Kivu ya Kusini, Kongo. Binti yake Benitha alikaa kiti cha nyuma, kichwa cha baba yake mapajani, upande wa kushoto. Njia nzima alimsemesha, maana marehemu asipoambiwa njia hubaki njiani. "Papa, tunavuka mto Rwizi, ukuje. Papa, tunaingia Masha, ukuje."

Kwenye kaburi, aliyembeba marehemu ndiye humwambia: tumefika, shuka. Neno moja tu. Wakanipa mimi. Watu walikuwa wanalia sana, na mimi, shetani wa mdomo, nikataka kuwachekesha.

"Mzee," nikasema, "usihangaike na shimo hili. Siku ukitaka kurudi Minembwe, gari ya Léopold inafika popote. Panda tu!"

Watu wawili walicheka. Benitha hakucheka.

Nilipomwendea sasa, alinisikiliza akiwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Nilijua," akasema. "Kwa kaburi sijamuota hata siku moja. Namuota kwa gari yako." Kisha akaongeza: "Enda, kaka. Mfungulie mlango, umwambie neno lake."

Nikaenda jioni ileile. Nikaliegesha gari kando ya kaburi. Nikafungua mlango wa kushoto. Mimi ninayesema na askari wa vizuizi vya barabarani bila kupepesa, sauti ilitoka kama ya kifaranga.

"Mzee Muhirwa... tumefika. Shuka."

Upepo ulikuwa umesimama. Springi zikalia kidogo, kama mtu anapojigeuza kitini.

Kisha, kutoka kiti kitupu, taratibu, sauti ya mzee asiye na haraka:

"Hapa si kwetu."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Ninachojua, gari nililiacha pale, nikalifuata asubuhi.

Ningeweza kumpeleka Minembwe? Vita ilikuwa haijaisha kule. Na mimi mwenyewe, mkimbizi, nivuke mipaka miwili na mtu asiyeonekana? Nilikaa nikiangalia gari kama mtu anayeangalia nyumba yake ikiungua, hana hata ndoo.

Siku ya nne, saa kumi na mbili jioni, Pascaline akashika ukuta.

"Baba Gradi. Imeanza."

Magari mengine yote yalikuwa yamekwenda. Nikatia tangini lita chache nilizopata, nikamkalisha kiti cha nyuma, nikaondoka. Gari lilipanda vilima likiugua. Gia ya kwanza. Gia ya pili. Mshale wa mafuta ulishuka huku nikiuona, kama maji kwenye mtungi uliopasuka.

Tulipokaribia Masha, giza likiingia, Pascaline aliacha kulia.

"Baba Gradi..."

"Vumilia, mama."

"Nani huyu amelaza kichwa mapajani mwangu?"

Sikugeuka. Sikuweza. Ile harufu ilijaa gari zima, samli na moshi.

"Ni mzito," akanong'ona. "Mwambie atoke. Anamkandamiza mtoto."

Mshale ukagusa mstari mwekundu. Injini ikakohoa, mara moja, mara mbili. Nikalia. Ndiyo, mimi Léopold nililia kwa sauti.

"Mzee Muhirwa, nakuomba! Mke wangu atakufa. Toka kwa kiti yangu. Chukua fasi ingine. Fasi yoyote unayotaka, nakupa!"

Injini ikakohoa mara ya tatu.

Halafu gari likainuka nyuma, puu! kama punda aliyetuliwa mzigo. Likaruka mbele. Jepesi. Na Pascaline akapiga yowe moja, mikono miwili tumboni.

"Amegeuka! Léopold, mtoto amegeuka!"

Tulifika Mbarara na mshale kwenye mstari mwekundu. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, na mama yake akapona. Kesho yake nikapima: vidole vinne kila upande. Nikawaambia madereva wote nimelitengeneza mwenyewe.

Siku ya kuwarudisha nyumbani, mshale wa mafuta ulishuka kabla ya Masha. Pascaline alikuwa amekaa nyuma kushoto, mtoto mapajani. Niliposimama nikapima.

Viwili.

Sasa mtoto ana miaka mitano. Hapandi gari langu. Namwacha na mama yake, na gari linakula lita zake kumi na mbili tu. Akipanda, ishirini. Nywele zake ukizisogelea zinanuka moshi, na sisi tunapikia makaa. Ng'ombe wa watu humfuata wenyewe. Benitha alimwona mara moja, akamwamkia kwa heshima, akaondoka analia. Pascaline haulizi kitu. Na mimi nimwambie nini?

Jana jioni nilikuwa naosha gari. Mtoto akaja, mikono nyuma, mwendo wa taratibu. Shule hajaanza, hata herufi moja hajui. Akaweka kidole kwenye yale maneno mekundu, NAFIKA POPOTE, akakipitisha mpaka mwisho. Hakuniita baba.

"Léopold," akasema. "Si ulisema?"